Namna ya Kutembea Kwenye Bustani Ambayo Bado ni Shimo

Mwongozo kwa watembezi wa Mbulu na Hanang

Mambo ya matembezi yamebadilika. Zamani mtu alipanda mlima ili afike juu, apige ukelele, ashuke. Siku hizi kuna nchi ambako watu hulipa kiingilio ili washuke shimoni. Kule Cornwall, Uingereza, shimo lililochimbwa udongo mweupe wa vyombo vya kauri liligeuzwa kuwa Eden Project, bustani yenye mahema makubwa ya plastiki iliyofunguliwa mwaka 2001. Kanada wana Butchart Gardens: mume alichimba chokaa ya saruji mpaka ikaisha, mke akalijaza shimo maua. Zipo ndoa zilizodumu kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Mkoa wa Manyara hauwezi kubaki nyuma. Sisi wa Mbulu na Hanang mashimo tunayo: mengine tumechimba wenyewe, mengine tumechimbiwa. Kinachokosekana ni kijani tu, na hicho, kama utakavyoona, ni jambo dogo linalotaka miaka kumi na zaidi, mtu mmoja mbishi na jongoo wengi. Fuata hatua zifuatazo kwa utaratibu wake. Ukiruka hatua, shauri yako.

Hatua ya kwanza: Chagua machimbo

Mgeni akisikia habari za mgodi Manyara, moja kwa moja atakimbilia Mirerani, wilayani Simanjiro. Mzuie. Machimbo ya tanzanaiti yamezungushiwa ukuta wa kilomita 24.5 uliojengwa na jeshi na kuzinduliwa Aprili 2018. Kuuzunguka kwa miguu ni mazoezi mazuri ya kutwa nzima, lakini kijani utakachokutana nacho ni sare za askari, nao watapenda kujua unakwenda wapi. Isitoshe, kazi pale inaendelea. Mgodi ambao bado una cha kuchimbwa hauwezi kuwa bustani. Hata nyasi zinalijua hilo.

Minjingu, wilayani Babati, nako kunashawishi, kwa kuwa basi la kutoka Arusha linapita hapohapo. Fosfeti yake imetokana na kinyesi cha ndege walioishi kando ya ziwa la kale, enzi ambazo Ziwa Manyara lilikuwa kubwa kuliko tunavyolijua. Mgodi ulifunguliwa mwaka 1983, na hadi leo mbolea inatoka. Hapa ukarabati wa mazingira umefanyika kwa utaalamu wa hali ya juu: kijani kipo, tena kingi, ila kipo kwenye shamba la mahindi la mtu mwingine, mbali kabisa na shimo. Kihesabu ardhi imerudishiwa fadhila. Kimatembezi utaondoka na vumbi.

Basi rudi Mbulu na Hanang. Huku usitafute mtambo wala geti, tafuta barabara. Kila penye lami, na kila penye ahadi ya lami, pembeni pana shimo la moramu. Barabara ya Babati hadi Singida kupitia Katesh inayo yake. Barabara ya Mbulu kwenda Haydom inazidi kupata yake. Ongeza mashimo ya mchanga makorongoni, mashimo ya udongo wa tofali nyuma ya kila mtaa unaokua, na machimbo ya mawe ambako kina mama wanaponda kokoto kwa nyundo, kidole kimoja kimefungwa kitambaa, na kuziuza kwa ndoo. Serikali huyaita haya yote madini ujenzi, na yana leseni zake na Tume ya Madini yake. Kwa hiyo usijione mnyonge mbele ya watu wa Geita. Mtaa wenu una mgodi.

Ukikuta shimo lenye maji na mzee amekaa kando akichunga mbuzi, salimia kwanza, ndipo uulize.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Hili bwawa alichimba nani?"

"Hili si bwawa. Hii ni barabara."

"Barabara?"

"Imetoka humu. Wenyewe wameondoka nayo, sisi wametuachia ilikotoka."

Ukijibiwa hivyo, umefika. Matembezi yanaanzia hapo.

Hatua ya pili: Jiandae kwa vifaa

Wauza vifaa vya milimani watakushauri ununue viatu vya bei ya ndama. Kabla hujafungua pochi, mtazame mwenyeji wako Mbarabaig anatembea na nini: shuka, fimbo, na viatu vilivyokatwa kwenye tairi bovu la gari. Tairi lile lilikwishamaliza maisha yake ya kwanza kwenye lori, likapewa ya pili mguuni. Katika mwongozo huu mzima, hicho ndicho kitu cha kwanza kilichotumika kikaisha kisha kikarudishwa kazini kwa kweli. Kiheshimu.

Kwa upande wa Mbulu beba sweta. Ukungu wa huko hausubiri mwezi wake, na ukiwa kwenye vilima vinavyotazamana na msitu wa Nou unaweza kupotezana na mwenzako anayekuomba maji. Kitunguu saumu usibebe. Ukiwa Mbulu kitakufikia chenyewe.

Beba pia kijiti kirefu cha kupimia kina. Hapa sitanii. Shimo la moramu likijaa maji ya mvua halionyeshi mwisho wake. Kingo zake zimekatwa wima kwa katapila, udongo unateleza, na mtoto anayeingia kuogelea au kumfuata ndama hapati pa kushika. Kila mama anayeishi karibu na shimo la namna hiyo anajua jambo hili, na kila jioni anahesabu vichwa. Kibao cha kulisema hakipo, kwa sababu ili kibao kiwepo ni lazima awepo mtu anayekiri kwamba shimo ni lake.

Hatua ya tatu: Jifunze aina za kijani

Mtembezi asiye na uzoefu akiona kijani hushangilia. Wewe kagua kwanza. Katika wilaya zetu kijani cha machimboni ni cha aina nne.

*Kijani cha mvua.* Huota Desemba, hunawiri Machi, na kufikia Agosti kimeondoka bila kuaga. Msimu wake wa kunawiri ndio unaopendwa na wakaguzi. Ukiona taarifa inayosema "eneo limerejea katika uoto wake wa asili", tazama tarehe ya picha.

*Kijani cha maji.* Ni ule utando unaoelea juu ya maji yaliyosimama. Ukipigwa picha kwa droni unapendeza mno, na kutoka juu mbu hawaonekani.

*Kijani cha picha.* Hiki ndicho kinachostawi kuliko vyote. Kila halmashauri nchini imeagizwa ipande miti milioni 1.5 kwa mwaka, na agizo ni agizo. Siku ya tukio utaona turubai, viti vya plastiki, spika na maji ya chupa. Kashimo kamekwishachimbwa alfajiri na vijana. Mheshimiwa anashika mche wa grevilea, wapambe wanashika mkono wa mheshimiwa, na kiriba cha plastiki bado kimeukumbatia mzizi kwa sababu hakuna aliyejitwika jukumu la kukichana mbele ya kamera. Mche unafukiwa na nailoni yake. Ndoo moja ya maji inamwagwa, yote, kwa mara ya kwanza na ya mwisho.

Kalenda nayo ina ucheshi wake. Siku ya Mazingira Duniani ni tarehe 5 Juni. Kwa walioko kaskazini ya dunia huo ni mwanzo wa kiangazi chenye neema. Kwetu mvua zimekwishafunga mlango, upepo wa baridi umeanza kukausha ardhi, na tone linalofuata ni la Novemba likitaka. Mche uliopandwa Juni 5 pembezoni mwa shimo la moramu unakuwa umepewa miezi mitano ya kutafakari maana ya mazingira. Mbuzi huufupishia tafakuri hiyo.

*Kijani cha karatasi.* Hiki hakinyauki. Kinaishi ndani ya jalada, kwenye ramani iliyopakwa rangi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka Tathmini ya Athari kwa Mazingira, baraza la mazingira, NEMC, limepewa meno, na wenye migodi mikubwa wanatakiwa kuweka dhamana ya fedha ili wakiondoka bila kusafisha, kusafishwe kwa fedha zao. Wachimbaji wadogo nao wanatakiwa wawe na mpango wa kulinda mazingira. Yote hayo ni mazuri. Tatizo ni kwamba shimo halisomi. Linasubiri mtu ashuke na sepetu.

Hatua ya nne: Nenda ukaone palipofanyika kweli

Kabla hujaanza kudai bustani, nenda ukaone ilivyo. Beba hati ya kusafiria, pita Arusha, vuka mpaka Holili, shika njia ya Taveta na Voi mpaka Mombasa, kisha sogea kaskazini hadi Bamburi. Sweta ya Mbulu ivue mapema. Jasho la pwani halina adabu kwa watu wa nyanda za juu.

Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza uzalishaji mwaka 1954. Saruji hutaka chokaa, na chokaa ya pwani ile ni matumbawe ya bahari ya kale. Walichimba, wakachimba, mpaka nyuma ya kiwanda pakawa na uwanda mweupe wa mwamba mtupu: jua la kupofusha, udongo hakuna, na chini kidogo tu ya miguu yako maji ya chumvi. Mwaka 1971 mwajiriwa mmoja wa kampuni hiyo, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi aitwaye René Haller, akaanza kupanda miti humo.

Alijaribu aina 26. Zikapona tatu: mnazi, mti wa Kisomali uitwao damas, na mvinje.

Tulia kidogo na hesabu hiyo. Aina ishirini na tatu zilikufa. Kwa vigezo vya taarifa ya robo mwaka huo ni mradi uliofeli, na mratibu wake angehamishiwa kituo kingine "kwa kuboresha utendaji". Haller hakuhamishwa. Alibaki palepale na ile mitatu.

Mvinje ukawa ndio mhimili. Huvumilia chumvi, na mizizini mwake wanaishi bakteria wanaoishika naitrojeni ya hewani, hivyo hauhitaji kuletewa mbolea. Ila una ukaidi wake: majani yake membamba kama sindano yanapoanguka hayaozi upesi, kwa kuwa yamejaa tanini. Yakalundikana chini, makavu, tabaka juu ya tabaka. Miti ilikuwepo, kivuli kilikuwepo, udongo ukakataa kuzaliwa.

Ndipo akaonekana jongoo mwenye miguu myekundu akizitafuna zile sindano. Haller akaagiza jongoo waletwe kwa mamia na kuachiwa humo. Sasa fuatilia kazi ilivyokwenda, maana hapa ndipo penye siri yote ya mwongozo huu. Jongoo hula sindano ngumu, huisaga tumboni, huitoa ikiwa chembe ndogo. Chembe hizo sasa bakteria wanaziweza. Zikioza zinakuwa mboji. Mboji ikiongezeka, mti ambao mwanzoni ungekufa unapata pa kushika. Ukishika huo, wanakuja wadudu wengine, kisha ndege wenye mbegu matumboni, kisha miti ambayo hakuna mtu aliyeipanda. Yakachimbwa mabwawa ya samaki, wakaletwa wanyama. Mwaka 1984, miaka kumi na mitatu tangu mche wa kwanza, wananchi wakafunguliwa njia za kutembea. Mwaka 1999 mahali hapo pakapewa jina la Haller Park.

Wengi wanapajua kwa sababu ya Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa karibu na Malindi wakati wa tsunami ya Desemba 2004, akaletwa Haller na kumganda kobe mzee aliyeitwa Mzee kama aliyempata mzazi. Picha zao zilizunguka dunia. Nenda ukalishe twiga, hakuna ubaya. Lakini baadaye achana na kundi, chutama chini ya mivinje, funua sindano kwa kidole. Utaona juu ni kavu na rangi ya kutu. Chini yake kidogo ni nyeusi na unyevu, inanuka kama shamba la mgomba. Yule mweusi mrefu anayejikunja ukimgusa, mwenye miguu myekundu inayopita kwa mawimbi, ndiye mkandarasi. Hajawahi kukata utepe.

Kwa anayetoka Mbulu, njia zenyewe ni tambarare kiasi cha kutia aibu. Usiseme hivyo kwa sauti mbele ya wenyeji. Na ukitaka kujisikia nyumbani, kumbuka kwamba tangu mwishoni mwa 2024 kampuni ya Bamburi iko mikononi mwa Amsons, kampuni ya Kitanzania. Kwa hiyo mfano tunaotakiwa kuuiga, kwa namna fulani, tumekwishaununua.

Hatua ya tano: Zingatia njia nyingine za kufunga mgodi

Usirudi ukidhani kila shimo huishia Bamburi.

Ukienda Kilembe, magharibi mwa Uganda, utakuta mji wa shaba ambako uchimbaji ulikoma mapema miaka ya 1980. Leo wapanda milima wa Rwenzori huanzia hapo, wakipita nyumba za zamani za wachimbaji. Ni matembezi ya machimboni kwa maana kamili. Lakini huko chini, kuelekea Kasese, maji yenye asidi kutoka kwenye lundo la mabaki ya uchenjuaji yaliwahi kuchora ukanda uliokufa hadi ndani ya Hifadhi ya Malkia Elizabeth, majani yasiote. Mgodi ulikuwa umefungwa. Mabaki hayakuwa na taarifa hiyo.

Kwetu Tanzania, Golden Pride ya Nzega ilikuwa ya kwanza kati ya migodi mikubwa ya dhahabu ya kizazi kipya kufunguliwa, mwishoni mwa miaka ya 1990, na ya kwanza kufungwa, mwaka 2014. Buzwagi, Kahama, uzalishaji ulikoma 2021, na mpango wake ni eneo la viwanda. Viwanda si vibaya, vina ajira. Ila mtembezi atakuwa anaonyesha kitambulisho getini. Na kwenye mgodi wa Mwadui, Novemba 2022, bwawa la mabaki lilibomoka, tope likafunika makazi na mashamba ya watu. Sheria ya mtembezi ni fupi: unapokagua shimo, kagua pia kilichotolewa humo kikawekwa pembeni.

Hatua ya sita: Panda Hanang, utazame toka juu

Umerudi. Sasa panda mlima, kwa sababu mashimo yanasomeka vizuri ukiwa juu yake. Mlima Hanang una zaidi ya mita 3,400 na uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Lipia Katesh, chukua kiongozi, anza njia ya Jorodom kabla jua halijachangamka. Kiongozi akikuambia "tumebakiza kidogo", kunywa maji na ukae chini. Hujafika hata nusu.

Kutoka juu utaona upande mmoja mashamba ya Basotu. Hayo hayamo kwenye orodha ya madini, lakini yatazame. Kuanzia miaka ya 1970, shirika la umma la NAFCO kwa msaada wa Kanada liliyageuza malisho ya Wabarabaig kuwa mashamba makubwa ya ngano, na miaka ya 1980 wafugaji wakaenda mahakamani kuyadai. Ardhi inaweza kuchimbwa hata kwa jembe la trekta, na aliyepoteza malisho hahitaji mtaalamu amweleze tofauti.

Utaona pia mkondo wa tope kuelekea Katesh. Hapo weka kejeli mfukoni. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima iliyolowa maji iliporomoka, ikashuka na mawe na magogo mpaka mjini na vijijini. Zaidi ya watu themanini walikufa. Haikuwa volkano na haukuwa mgodi. Hapo si kivutio, usipapige picha. Ukipita na wenyeji, wasikilize. Aliyeona mlima ukitembea ana haki ya kuuliza nani anachimba nini kwenye miteremko na mikondo iliyo juu ya nyumba yake, na wewe huna haki ya kumwona mchokozi.

Chini ya mlima, upande wa bonde, ndipo lilipo Ziwa Balangida. Kiangazi likikauka, linaacha gamba jeupe la chumvi. Watu wanashuka na majembe na viroba, wanakwangua, wanabeba. Ng'ombe nao wanalamba sehemu yao bila leseni. Mvua ikija, maji yanapanda, makwaruzo yote yanafutika, na mwaka unaofuata gamba linarudi. Wataalamu wa kufunga migodi waletwe hapa kwa mafunzo. Ndiyo machimbo pekee katika eneo letu yanayojifukia yenyewe, kwa wakati, bila mshauri mwelekezi, na bado wanakijiji hawajapewa cheti.

Hatua ya saba: Muulize babu

Kama safari ya Mombasa imekushinda nauli, usijali. Mfano wa shimo lililogeuzwa kijani ulikuwepo Mbulu kabla saruji haijafika Afrika Mashariki.

Wazee wa Kiiraqw, enzi za kuhofia uvamizi wa Wamaasai, walichimba nyumba ndani ya mteremko. Ukuta wa nyuma ni mlima wenyewe. Juu wakapanga miti, wakatandika udongo, paa likalingana na kilima, majani yakaota. Mvamizi akitazama kutoka mbali aliona mteremko wenye nyasi. Mifugo ilikuwa ndani pamoja na wenyewe, na paa lilikuwa malisho. Leo Ulaya msanifu majengo akiweka majani juu ya paa anapewa tuzo. Babu yako alipewa usiku mmoja zaidi na ng'ombe wake.

Nenda kamwone anayezikumbuka nyumba hizo, umwamkie, umuulize ziliwezekana vipi. Atakujibu kwa kifupi: aliyechimba ndiye aliyelala ndani. Mtu hachimbi ovyo shimo ambalo watoto wake watalala humo. Mkandarasi wa moramu analala kambini, baada ya miezi kadhaa kambi imehama. Mwenye leseni ya mchanga analala mjini. Ofisa aliyeidhinisha amehamishwa. Haller alikaa Bamburi. Katika habari zote za machimbo yaliyogeuka bustani utakuta kitu hicho: kuna mtu aliyebaki, na kuna mfuko uliolazimika kumlipa. Ukikosa kimoja, unapata bwawa la mbu.

Hatua ya nane: Malizia matembezi mkutanoni

Matembezi hayaishii garini. Yanaishia kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ule unaotakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Nenda mapema, kaa mbele. Vumilia kufungua, vumilia kusoma muhtasari uliopita, vumilia mapato na matumizi na choo cha shule. Ikifika "Mengineyo", watu wakiwa wameanza kupangusa suruali, nyosha mkono. Uliza matatu, kwa heshima zote, ukianza na "Mheshimiwa mwenyekiti, naomba kuelimishwa tu":

Shimo lile leseni yake ni ya nani, na inaisha lini?

Mpango wa kulifukia uko wapi, na umetengewa shilingi ngapi?

Miche ikipandwa pale, Agosti atamwagilia nani?

Patatokea ukimya, kisha mnong'ono. Mtendaji atasema hoja imepokelewa. Usikae. Omba iandikwe kwenye muhtasari kwa maneno yako, na mwenye shimo aitwe kwa jina kwenye mkutano ujao. Kulifukia shimo ni gharama yake, si ya michango yenu. Na kama jibu ni kwamba mwenye shimo hajulikani, omba hilo nalo liandikwe, lipelekwe wilayani, maana moramu haikujipakia yenyewe kwenye lori.

Mwenyekiti atakusifu. Atasema swali ni zuri sana, na kwa kuwa wewe ndiye unayelielewa, mkutano unakuteua kuwa katibu wa kamati ya mazingira. Posho haipo. Watu watapiga makofi kwa furaha, kwa sababu wameponea.

Usikatae. Chukua daftari, geukia waliopiga makofi, anza na mstari wa mbele: jina, kitongoji, na ndoo ngapi kwa wiki, Juni hadi Oktoba.